Sheria za Mchezo ni za Nani?

Ubishi juu ya kanuni za mchezo huzuka pale wachezaji wawili wanapokaa kwenye ubao mmoja huku kila mmoja amebeba kanuni alizofundishwa kwao. Ubishi huo una sura mbili. Upo wa michezo isiyo na mwenyewe, kama bao na drafti, ambayo kanuni zake zimepita mdomo kwa mdomo na kubadilika kidogo kidogo kila zilipohamia. Na upo wa michezo yenye mwenyewe, inayochapishwa na kampuni katika vitabu, ambayo kila baada ya miaka kadhaa hutolewa toleo jipya la kurekebisha au kufuta lililotangulia. Sura hii ya pili ndiyo iliyowagawa kwa nusu karne wapenzi wa mchezo wa Kimarekani uitwao Dungeons & Dragons. Mchezo huo ni mgeni kwa watu wengi wa Sumbawanga na vijiji vya Ufipa, lakini kiini cha ugomvi wake kinaeleweka kwa urahisi na yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la drafti akasikia mtu akisema, "Sisi kwetu hatuchezi hivyo."

Nyanda za juu za Ufipa zimelala kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, ni makao makuu ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa huo uanzishwe mwaka 1974. Wenyeji ni Wafipa, lakini hawako peke yao. Kusini wapo Wamambwe na Warungu, ambao ndugu zao wako ng'ambo ya mpaka, Zambia. Bondeni wamehamia wafugaji wa Kisukuma na mifugo yao. Kwenye mwambao wa Tanganyika, Kiswahili cha wafanyabiashara kilifika na misafara ya karne ya 19, na leo barabara ya Tunduma huleta madereva, wachuuzi na watumishi wa serikali kutoka kila pembe ya nchi. Watu wanaokutana ubaoni katika eneo la namna hiyo hawakufundwa na mwalimu mmoja, na jambo hilo ndilo linaloufanya ubishi wa kanuni kuwa wa kila siku.

Mchezo unaoonekana zaidi mitaani ni drafti. Ubao wake una miraba 64, kete ni vizibo vya soda, 12 kwa kila upande, vya mmoja vimelala kifudifudi na vya mwenzake chali. Mambo ya msingi hayana mjadala: kete huenda mbele kwa mshazari, hula kwa kuruka, na ikifika mwisho wa ubao huwa kingi. Mjadala huanza baada ya hapo. Je, kete ya kawaida inaruhusiwa kula kwa kurudi nyuma? Mtu mwenye njia mbili za kula analazimika kufuata ile yenye kete nyingi, au anachagua mwenyewe? Kingi anakata ubao mzima, au anakwenda hatua moja? Akishakula, anatua mraba wowote ulio wazi mbele yake, au ule unaofuata tu baada ya kete aliyoila? Na aliyepitiwa akasahau kula, adhabu yake ni ipi?

Kila jibu la maswali hayo lina mahali ambapo ndilo sheria iliyoandikwa. Drafti ya Kiingereza ina kingi wa hatua moja, na humwachia mchezaji achague njia ya kula. Drafti ya kimataifa, ya miraba 100 na kete 20 kwa kila upande, ina kingi wa masafa marefu, huruhusu kete kula kinyumenyume, na humlazimisha mchezaji kufuata njia yenye kete nyingi zaidi. Kwa hiyo watu wawili wanaopandishiana sauti kando ya soko wanaweza wote kuwa wakweli, kila mmoja akishika mchezo ambao kweli upo. Dawa ya mitaani ni ya siku nyingi na inafaa: sheria hutajwa kabla kete haijaguswa, na mgeni hufuata sheria za ubao alioukuta. Dawa hiyo haihitaji kitabu wala mwamuzi. Inahitaji tu watu wakubali kwamba kundi linalocheza ndilo lenye mamlaka kwa siku hiyo.

Bao ni gumu kuliko drafti, na ubishi wake una kina zaidi. Bao la Kiswahili, lile la pwani na visiwani, lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane manane, na kete 64 ambazo kwa desturi ni mbegu za mkomwe. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Mchezo una awamu mbili. Awamu ya kwanza ni kunamua: kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa ndani ya shimo liitwalo nyumba na nne katika mashimo mawili yanayolifuata kwa kulia, mbili mbili, kisha ana kete 22 za akiba ambazo huziingiza moja kwa kila zamu. Akiba ikiisha huanza awamu ya mtaji, ambapo zinatumika kete zilizo ubaoni tu. Kete zinazoliwa haziondoki mchezoni. Mlaji huzichukua na kuzisambaza upande wake kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, na kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete huendelea kula au kusambaza, mpaka kete ya mwisho iangukie shimo tupu na zamu yake ilale. Anayemaliziwa kete zote za safu ya mbele, au anayekosa namna ya kucheza, ameshindwa.

Vipengele viwili vya bao hilo ndivyo vyenye masharti mengi, na ndivyo vinavyowatatiza zaidi watu wasiojifunza pamoja. Cha kwanza ni nyumba, shimo la nne kutoka kulia katika safu ya mbele. Likiwa bado na kete sita au zaidi, na likiwa halijawahi kuvunjwa, lina haki zisizo za mashimo mengine. Mchezaji anayekula katika awamu ya kunamua, kete yake ya mwisho ikaangukia nyumbani, ana hiari ya kulala hapo au kusafiri na mali yote. Akisafiri, nyumba imevunjika kwa mchezo uliobaki. Uamuzi huo mmoja unaweza kugeuza mchezo mzima, na ndiyo maana mtu aliyelelewa kwenye bao lisilo na nyumba huhisi kama ameonewa anapoona mwenzake amesimama katikati ya mzunguko na kudai amefika kwake.

Kipengele cha pili ni kutakasia. Katika awamu ya mtaji, mchezaji asiye na cha kula hutakata, yaani huhamisha kete zake bila kula. Akitakata kwa namna inayomwacha mpinzani naye hana cha kula, huku shimo moja tu la mpinzani likiwa hatarini kuliwa zamu inayofuata, shimo hilo huwa limetakasiwa, na mwenyewe haruhusiwi kuanza nalo. Kanuni ina misamaha yake: shimo likiwa ni nyumba iliyo hai, likiwa ndilo pekee lenye kete katika safu ya mbele, au likiwa ndilo pekee lenye zaidi ya kete moja. Mtu akikosa kujua msamaha mmoja, atadai ushindi usio wake au atapoteza mchezo aliokuwa ameushinda. Mwalimu asiyekumbuka msamaha mmoja huwaachia wanafunzi wake bao tofauti, bila mtu yeyote kukusudia kubadilisha kitu.

Pembeni ya bao hilo kubwa lipo bao la kujifunza, ambalo huanza na kete mbili katika kila shimo na kuingia moja kwa moja kwenye kusambaza, bila kunamua wala nyumba. Wengi hawatoki hapo, na kwao hilo ndilo bao. Kisha wapo jamaa zake wa karibu na mbali. Wasukuma wana isolo, Zambia kuna chisolo, Uganda kuna omweso wenye mashimo 32 na kete 64 kama bao, Rwanda kuna igisoro, na Omani kuna hawalis wa safu nne za mashimo saba saba. Ufipa iko katikati ya ukoo huu: bao la Kiswahili huingia kutoka ziwani na mijini, isolo hupanda na watu wa bondeni, na kusini kuna majirani wa chisolo. Anayesema bao la kweli ni moja tu anapaswa kueleza ni kwa sababu gani michezo mingine mingi ya ukoo huo imedumu bila nyumba wala kunamua na bado inachezwa kwa akili ile ile.

Kwa muda mrefu hapakuwa na kitabu cha kumaliza ubishi. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, lakini hata Rais hakuweza kulitungia sheria, kwa sababu kila baraza lilikuwa na zake. Mtafiti wa Kiholanzi Alexander de Voogt ndiye aliyeziandika kwa undani kanuni za mabingwa wa Zanzibar, katika tasnifu yake ya mwaka 1995 iliyochunguza jinsi mabingwa hao wanavyofikiri wakiwa ubaoni. Kazi hiyo ni hazina. Ila ina matokeo ambayo kila uandishi wa kanuni huwa nayo. Watu waliotengeneza programu za kompyuta za kucheza bao walihitaji kanuni zilizonyooka, wakazichukua za Zanzibar. Kijana anayejifunzia bao kwenye simu sasa hukutana na mashine isiyojua kitu kiitwacho "kwetu". Hoja ya mzee wa kijijini, ambayo zamani ilikuwa sawa na hoja ya mzee mwingine yeyote, inaanza kuonekana kama kosa.

Hapo ndipo michezo yenye mwenyewe inapofaa kuangaliwa, kwa sababu huko uandishi wa kanuni umefika mwisho wake. Dungeons & Dragons ni mchezo wa uhusika wa mezani. Hauna ubao wa lazima, na hauna mshindi. Watu wanne au watano hukaa mezani, na mmoja wao huwa mwongozaji. Kila mchezaji aliyebaki humbuni mhusika mmoja na kuandika uwezo wake kwenye karatasi: nguvu, wepesi, akili, silaha, mali. Mtu wa Ufipa angeweza kumbuni mhunzi wa malungu, zile tanuru ndefu za udongo ambazo Wafipa walizitumia kuyeyushia chuma. Mwongozaji hueleza mahali walipo na kinachotokea, kila mchezaji husema mhusika wake anafanya nini, na jambo lenye mashaka likitokea hurushwa dadu, aghalabu ile yenye nyuso 20. Mhunzi anataka kuruka korongo: mchezaji hurusha dadu, hujumlisha wepesi wa mhusika wake, na akifikia namba iliyowekwa amevuka. Hadithi inaweza kuendelea kwa miezi au miaka, kikao baada ya kikao, mhusika akizidi kupata uwezo. Kwa hiyo mchezo huo ni utambaji wa hadithi unaoshikwa na hesabu, na kanuni ni nyingi kiasi cha kujaza vitabu.

Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwanzoni mwa mwaka 1974, kupitia kampuni ndogo ya TSR iliyokuwa katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Ulitokana na michezo ya vita ya vinyago vidogo mezani. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000 za vijitabu vitatu ndani ya kasha. Vijitabu hivyo viliacha mapengo mengi, na kila kundi lilijaza mapengo kwa namna yake, kama wafanyavyo wacheza bao. Kati ya mwaka 1977 na 1979 Gygax alitoa toleo pana zaidi, lililokusudiwa pamoja na mengine kuwapa wachezaji wa kila mahali kanuni zinazofanana. Toleo la pili likafuata mwaka 1989, Gygax akiwa ameshaondoka katika kampuni. Lilifuta majina ya mashetani, kwa kuwa Marekani kulikuwa na wazazi na watu wa dini walioushutumu mchezo huo kuwa ni wa kishetani, na baadhi ya wachezaji wakaona kampuni imekubali kushindwa na watu wasiocheza. Mwaka 1997 TSR ilinunuliwa na Wizards of the Coast, nayo mwaka 1999 ikanunuliwa na Hasbro, kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea.

Toleo la tatu la mwaka 2000 lilipanga upya hesabu za mchezo, na pamoja nalo ikatolewa leseni huria iliyoruhusu mtu au kampuni yoyote kuchapa hadithi na nyongeza kwa kutumia kanuni zile. Hii ilikuwa hatua kubwa kuliko hesabu zenyewe. Waandishi na wachapishaji wadogo walijenga riziki juu yake, na bila kukusudia kampuni ilikuwa imewapa mashabiki zana ya kuupinga uamuzi wowote wa baadaye.

Zana hiyo ilitumika baada ya mwaka 2008. Toleo la nne lililotoka mwaka huo lilibadilisha karibu kila kitu. Kila aina ya mhusika, awe mpiganaji au mchawi, alipewa uwezo uliopangwa kwa mtindo mmoja: wa kutumia wakati wowote, wa mara moja kwa pambano, na wa mara moja kwa siku. Mapambano yalipimwa kwa miraba ya ramani. Waliolipenda walisema hatimaye kila mchezaji ana la kufanya katika kila zamu, na kwamba mpiganaji sasa ana mbinu kama mchawi. Waliolichukia walisema wahusika wote wamekuwa sawa na kwamba mchezo umegeuzwa kuwa mfano wa michezo ya kompyuta. Hoja zote mbili zilikuwa na ukweli ndani yake. Usawa uliosifiwa na wale wa kwanza ndio ule ule uliolaumiwa na wa pili, na hakuna hesabu inayoweza kuamua kama tofauti kati ya mpiganaji na mchawi ni utamu au ni kasoro.

Kampuni ya Paizo, ambayo hadi mwaka 2007 ilikuwa ikichapa majarida rasmi ya mchezo huo, ilichukua kanuni za zamani chini ya leseni huria, ikazirekebisha kidogo, na mwaka 2009 ikazitoa kwa jina la Pathfinder. Maelfu ya wachezaji wakahamia huko. Ukawa ni mchezo mmoja uliogawanyika pande mbili, mmoja ukiwa na jina na mwingine ukiwa na kanuni, kila upande ukijiona ndio mrithi. Historia ya Ufipa inajua mgawanyiko wa aina hiyo: ukoo mmoja wa kitawala wa Watwa ulizaa falme mbili, Nkansi kaskazini na Lyangalile kusini, na kila moja ilikuwa na haki ya kujiita ya Ufipa.

Wizards of the Coast ilijifunza. Kabla ya toleo la tano iliwapa wachezaji kanuni za majaribio kuanzia mwaka 2012 na kukusanya maoni yao kwa takriban miaka miwili. Vitabu vilivyotoka mwaka 2014 vilirudisha mambo mengi ya zamani na kurahisisha hesabu, na toleo hilo likawa na wachezaji wengi mno. Ushirikishwaji huo una uzito kuliko kanuni yoyote iliyobadilika. Watu walioulizwa walikuwa tayari kuvumilia hata vipengele walivyovipinga.

Mwezi Januari mwaka 2023 mafunzo hayo yalisahaulika. Rasimu ya leseni mpya ilivuja. Ilikusudia kuifuta ile ya mwaka 2000, na kuwadai wachapishaji asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000 kwa mwaka. Hasira iliyozuka haikuwahusu wachapishaji wakubwa peke yao. Wachezaji wa kawaida, ambao hawajawahi kuchapa chochote, walijitoa kwenye huduma ya mtandaoni ya kampuni ambayo walikuwa wakiilipia kila mwezi. Kabla mwezi haujaisha, tarehe 27 Januari, kampuni ilirudi nyuma, ikaiacha leseni ya zamani, na kuziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya umma ya Creative Commons, ambayo haiwezi kuondolewa tena. Mashabiki walishinda kwa sababu walitenda kwa pamoja na kwa wakati mmoja, na kwa sababu walikuwa na kitu ambacho kampuni ilikihitaji.

Toleo la tano lililorekebishwa lilianza kutoka Septemba mwaka 2024, nalo likaleta mabishano yake. Neno la "mbari" za wahusika, yaani wanadamu, mbilikimo na viumbe wengine wa hadithi, liliondolewa na mahali pake likawekwa neno la "spishi", na nyongeza za uwezo zilizokuwa zikitokana na asili ya mhusika zikahamishiwa kwenye malezi na kazi yake ya awali. Baadhi walipongeza, wakisema mchezo umeacha kufundisha kuwa watu huzaliwa na akili au nguvu kwa kabila lao. Wengine walisema viumbe wa kubuni wamepotezewa tofauti zilizowapa ladha. Kubwa zaidi lilitokea mwezi uliotangulia. Kampuni ilitangaza kuwa katika huduma yake ya mtandaoni, kanuni mpya za uchawi zingechukua nafasi ya zile za zamani ndani ya karatasi za wahusika ambao tayari walikuwa wakichezwa. Kwa siku chache tu malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba uamuzi ukafutwa. Kitabu cha karatasi kikishanunuliwa hakuna anayeweza kukibadilisha kabatini. Karatasi ya mhusika iliyo kwenye kompyuta ya kampuni inaweza kubadilishwa usiku, mwenyewe akiwa amelala.

Kwa nini watu wazima wagombane hivyo juu ya mchezo? Fedha ni sehemu ya jibu. Vitabu vya msingi vya Dungeons & Dragons ni vitatu, kila kimoja kwa takriban dola 50, na toleo jipya humfanya mtu aone kabati lake limezeeka. Lakini fedha haielezi kwa nini watu wa drafti, ambao ubao wao ni kipande cha mbao na kete ni vizibo vya kuokota, hugombana kwa joto lile lile. Sababu nzito zaidi ni ujuzi. Bingwa wa bao ametumia miaka kujua ni lini nyumba isafirishwe na ni lini ilale, na ujuzi huo umeota mizizi katika kanuni fulani. Kanuni ikibadilika, aliyekuwa mwalimu anarudi kuwa mwanafunzi, tena mbele ya vijana. Vivyo hivyo mwongozaji wa Dungeons & Dragons aliyekariri toleo moja kwa miaka 10. Anayepuuza malalamiko yake kama ukaidi wa wazee hajaelewa kwamba kuna kitu halisi kinachopotea.

Ipo pia sababu ya undugu. Kanuni ni njia ya kujua nani ni wa hapa na nani amekuja. Kundi lenye desturi yake ya kula na kulala lina kitu kinacholitambulisha, na mtu anayekuja na karatasi iliyochapwa mbali na kusema "mnakosea" anaonekana kuwavunjia heshima waliowafundisha. Wachezaji wa Marekani waliokwenda Pathfinder walikuwa wakilinda kumbukumbu ya meza zao, na wengine walirudi nyuma zaidi: kuanzia mwaka 2006 wapo walioandika upya kanuni zinazolingana na za miaka ya 1970 na kuzigawa bure.

Hata hivyo si kila badiliko huleta hasara. Sataranji ya Ulaya ilibadilika mwishoni mwa karne ya 15, malkia aliyekuwa akienda mraba mmoja kwa mshazari alipopewa uwezo wa kukata ubao mzima, na mchezo wa kale ukafifia kwa sababu mpya ulikuwa wa kasi na wenye kusisimua zaidi. Katika soka, mwaka 1992 makipa walikatazwa kudaka mpira waliorudishiwa kwa mguu na wenzao. Makipa na mabeki walitaabika, lakini leo hakuna shabiki anayetamani kurudi kwenye dakika za mpira kuchezewa kati ya beki na kipa. Badiliko hudumu pale linapotatua tatizo ambalo wachezaji wenyewe walikuwa wakiliona. Linapoletwa kwa sababu muuzaji anahitaji mauzo, wachezaji hulitambua upesi.

Ubishi wa mezani basi unaamuliwa vizuri zaidi pale wanaocheza wanapokuwa na sauti, na pale njia ya zamani inapobaki wazi kwa anayeitaka. Mashabiki wa Dungeons & Dragons wanaweza kurudi kwenye toleo lolote kwa sababu kila toleo limeandikwa. Wacheza bao na isolo wa Rukwa hawana kinga hiyo. Kanuni ambazo hazijaandikwa hazifutwi na kampuni, zinafutwa na mazishi, na simu yenye kanuni za Zanzibar peke yake haitazirudisha. Mwanaanthropolojia Roy Willis alikusanya hadithi simulizi za Wafipa na kuzitoa kitabuni mwaka 1978, na michezo yao inastahili heshima hiyo hiyo.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Mwalimu wa shule ya Matai, Namanyere, Laela au Muze anaweza kuwatuma wanafunzi kwa wazee na daftari moja: ubao una safu ngapi na mashimo mangapi, mchezo huanza na kete ngapi na wapi, kete husambazwa kuelekea upande gani, kuna nyumba au hakuna, zamu hulala lini, anayeshindwa hujulikana vipi. Pale wazee wawili wanapotofautiana, ziandikwe njia zote mbili, kila moja na jina la kijiji ilikotoka, bila kumtangaza yeyote kuwa amekosea. Wasomaji wenye babu na bibi wanaocheza hadi leo waanze mwaka huu, wazee hao wakiwa bado wapo wa kuulizwa.